Kanuni za Mchezo Ndizo Somo

Michezo ya kompyuta ilianza kufundisha historia kabla skrini hazijaingia madarasani. Mwaka 1971 vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu katika chuo cha Carleton, jimbo la Minnesota nchini Marekani, walitunga mchezo ulioitwa The Oregon Trail. Don Rawitsch alikuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Minneapolis na alipangiwa mada ya wahamiaji walioelekea magharibi katika karne ya 19. Wenzake, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walijua kuandika programu, na kwa muda wa wiki mbili hivi kazi ikawa tayari. Shule haikuwa na kompyuta yake yenyewe. Ilikuwa na mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta ya mbali, na kila jibu lilitoka likiwa limechapwa kwenye karatasi, wanafunzi wakiwa wameizunguka mashine.

Katika toleo lililochapishwa mwaka 1978, mchezaji anaelezwa kwamba mwaka ni 1847. Familia ya watu watano inatoka Independence, Missouri, kwenda Oregon City, safari ya maili 2,040, yaani kilomita zipatazo 3,280, na inatazamiwa kuchukua miezi mitano hadi sita. Akiba ya familia ni dola 900, na dola 200 zimekwisha kulipia gari la kukokotwa. Zinazobaki zinagawanywa kwenye maksai, chakula, risasi, nguo na vikorokoro vingine, dawa zikiwemo. Aliyebania nguo hupigwa na baridi milimani. Aliyenunua maksai wa bei ya chini husafiri polepole. Kuwinda ni kuandika haraka, bila kukosea herufi, neno linaloiga mlio wa bunduki. Anayechelewa hulala njaa.

Humo hamna aya hata moja inayomhubiria mtoto kwamba safari ilikuwa ngumu. Ugumu wenyewe umo katika hesabu. Mwaka 1974 Rawitsch aliajiriwa na taasisi ya kompyuta za elimu ya Minnesota, akauandika mchezo upya kutoka kwenye nakala ya karatasi aliyokuwa ameihifadhi, kisha akasoma shajara za wasafiri wa zama zile ili ugonjwa, mvua na ajali vitokee kwenye mchezo kwa kadiri vilivyotokea njiani. Kwa hiyo shajara zile ziligeuka kuwa kanuni, na mtoto aliyeshindwa kufika Oregon alikuwa amekutana na ushahidi wa kihistoria bila kufungua kitabu.

Kanuni hizohizo zilificha mengi. Wenyeji wa Marekani hutokea katika toleo la 1978 kama tukio la bahati njema, watu wema wanaomwonyesha msafiri mahali pa kupata chakula, nao wapanda farasi wasiojulikana hutokea kama hatari ya kukimbiwa au kupigwa risasi. Hakuna mahali katika hesabu panapoonyesha kwamba nyasi zinazoliwa na maksai, mito inayovukwa na wanyama wanaowindwa vilikuwa na wenyewe. Mtoto angeweza kuucheza mwaka mzima, akaijua vizuri thamani ya risasi, asijue kabisa kwamba ardhi ile ilikuwa ikichukuliwa. Mwaka 2019 mchezo uitwao When Rivers Were Trails, uliotengenezwa na taasisi ya ardhi ya wenyeji pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ulichukua muundo huohuo wa safari na kumweka mchezaji upande wa pili: Mwanishinaabe, mmoja wa wenyeji hao, wa miaka ya 1890 aliyeondolewa kwenye ardhi yake huko Minnesota na kulazimika kuelekea magharibi hadi California. Safari ni safari, lakini kinachohesabiwa ni kingine, na historia inayofundishwa ni nyingine kabisa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lote. Mabishano kuhusu michezo ya kompyuta shuleni kwa kawaida huzunguka picha, vita na muda unaopotea. Mtaani neno gemu huleta akilini vibanda vya PlayStation, mtoto akilipia mechi huku daftari likilala mkobani, na mzazi ana haki ya kuingiwa na wasiwasi. Lakini mchezo hufundisha kwa kanuni zake kuliko kwa picha zake. Kila mchezo wa historia ni madai kuhusu jinsi mambo yalivyokwenda: nini kilisababisha nini, nani alikuwa na uwezo wa kuamua, na gharama ya uamuzi ilimwangukia nani. Mwalimu asiyezifungua kanuni hizo mbele ya wanafunzi anawapa kitabu kisichokuwa na jina la mwandishi.

Mfano mzuri wa mchezo uliojengwa ukilijua hilo ni Mission US, mfululizo unaotolewa bure na kituo cha televisheni cha umma cha WNET cha New York tangu 2010. Sehemu ya kwanza inamfuata Nat Wheeler, kijana wa miaka 14 anayejifunza uchapaji katika mji wa Boston mwaka 1770. Mchezaji hutumwa huku na kule, hukutana na wafuasi wa mfalme na wapinzani wake, na mwishowe hufika usiku wa Machi 5, askari wa Uingereza walipowafyatulia risasi raia na kuua watu watano. Watunzi walifanya jambo la busara hapo: wanafunzi hawaonyeshwi tukio lile kwa namna moja. Mmoja huona umati ukirusha vitu, mwingine huona askari akielekeza bunduki, mwingine husikia kelele za kuamuru bila kujua zimetoka kwa nani. Nat anapotakiwa kutoa ushahidi, kila mwanafunzi husema alichokiona, na darasa zima hujikuta halielewani. Kutoelewana huko ndiko mwanzo wa kazi ya mwanahistoria, na hakuna ukurasa wa kitabu cha kiada unaoweza kukuleta kwa urahisi namna ile.

Mfululizo huohuo ulikosolewa vikali kwa sehemu yake ya pili, inayomhusu Lucy, msichana mtumwa wa miaka 14 huko Kentucky mwaka 1848. Mchezo unaozawadia uchaguzi mzuri humfanya mtoto adhani kwamba aliyebaki utumwani alichagua vibaya. Watunzi walikuwa na nia njema na walifanya utafiti, lakini kanuni ya msingi ya michezo mingi, kwamba mwenye akili hushinda, hugongana na ukweli wa utumwa. Kampuni moja ya Denmark ilifika pabaya zaidi: mchezo wake kuhusu biashara ya watumwa ulikuwa na sehemu ya kupanga miili ya watu melini kama matofali ya Tetris, na ilibidi sehemu hiyo iondolewe mwaka 2015 baada ya watu kukasirika. Yako mambo ya historia yasiyofaa kuchezwa. Utumwa wa soko la Mkunazini, Zanzibar, hauhitaji mtoto aigize mnunuzi wala mnunuliwa. Nyaraka na sauti za waliouonja zinatosha.

Uraia unaoana na michezo vizuri zaidi kuliko historia, kwa sababu katiba tayari ni kanuni. Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alistaafu mwaka 2006 akiwa na wasiwasi kwamba wananchi hawajui mahakama zao zinavyofanya kazi, na mwaka 2009 akaanzisha mradi ambao leo unaitwa iCivics. Mchezo wake maarufu humpa mwanafunzi ofisi ya mawakili. Wateja huingia mmoja mmoja na malalamiko yao. Mwanafunzi husikiliza, huamua kama kweli kuna haki ya kikatiba iliyovunjwa, kisha humpeleka mteja kwa wakili anayeijua haki hiyo. Akimpokea mteja asiye na haki anayoidai, kesi huanguka na ofisi huharibikiwa sifa. Mtoto hujifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: si kila dhuluma ni uvunjaji wa katiba, na si kila jambo la kikatiba huonekana kuwa dhuluma kubwa. Hata hivyo michezo peke yake haijaiokoa hali ya Marekani. Mtihani wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la nane waliofikia kiwango cha umahiri walikuwa asilimia 22 katika uraia na asilimia 13 tu katika historia ya nchi yao.

Mchezo huo wa ofisi ya mawakili hauwezi kuletwa Nairobi au Dodoma kama ulivyo, maana unafundisha katiba ya wengine. Muundo wake unaweza. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, kwa kawaida, katika Ibara ya 49. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali. Ibara ya 43 inataja afya, makazi, chakula, maji na elimu. Mama muuza mboga aliyewekwa rumande siku tatu, mkulima aliyenyimwa hesabu za kaunti yake, mgonjwa aliyefukuzwa katika chumba cha dharura: wateja hao wangeijaza ofisi ya kuigiza asubuhi moja. Katika Katiba ya Tanzania ya 1977 haki za msingi ziliingizwa kwa mabadiliko ya 1984, nayo Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuziwekea mipaka kwa manufaa ya umma. Mchezo mwaminifu lazima uwe na ibara hiyo ndani yake, ili mwanafunzi aone kesi ikishindwa kwa sababu ya mpaka halali, na nyingine ikishinda kwa sababu mpaka uliodaiwa haukuwa na msingi.

Nyenzo za mtandaoni nazo zinahitaji adabu yake. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu 45 kazi ya kupima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wakaguzi wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo. Wanahistoria wengi na wanafunzi waliisoma tovuti kwa makini kuanzia juu hadi chini, wakadanganywa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wakaguzi waliiacha karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kuuliza ni nani aliyeianzisha na nani anaigharimia. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana na historia kwanza kwenye WhatsApp na TikTok, ambako maneno ya Mwalimu Nyerere huzunguka bila tarehe, bila mahali na bila kueleza aliyasema kwa nani. Zoezi la kutafuta hotuba kamili ilikotoka kipande cha sekunde 30 linaweza kufundisha zaidi ya mhadhara wa kipindi kizima.

Pwani ya Waswahili imekwisha kuingia katika michezo mikubwa ya dunia. Katika Civilization VI, Zanzibar ni mji-dola unaompa mshirika wake mdalasini na karafuu, na Kilwa Kisiwani ni ajabu la kujengwa, lililoongezwa mwaka 2018. Inapendeza kuliona jina hilo likitamkwa na watoto wa Seoul na São Paulo. Lakini karafuu za mchezo huo hazina mchumaji wala shamba, na Kilwa yake haina dhahabu ya Sofala, haina msafiri Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, wala haina Wareno walioupora mji mwaka 1505. Mwalimu wa Lindi anaweza kuwauliza wanafunzi wake kanuni hiyo imeacha nini, kisha akawaonyesha vipimo vya majengo ya Kilwa na Songo Mnara vilivyochukuliwa kwa miale ya leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambamo kuba na kuta za Msikiti Mkuu zinaweza kutazamwa kutoka kila upande.

Mchezo unaostahili kutungwa hapa nyumbani kabla ya mingine ni wa Vita vya Maji Maji, na ugumu wake unaonyesha vizuri kwa nini kanuni ni jambo zito. Vita hivyo dhidi ya utawala wa Kijerumani vilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, kwa kung'oa pamba ya kulazimishwa. Kanuni ya kwanza ingekuwa siku: kila siku ya shamba la pamba la jumbe ni siku iliyopotea kwenye shamba la chakula la nyumbani, na ghala hupungua. Mwanafunzi akifika mwezi wa tatu wa mchezo hahitaji kuelezwa hasira ilitoka wapi.

Kisha inakuja dawa. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyoaminiwa kwamba yangezifanya risasi za Wajerumani zigeuke maji. Mtunzi wa programu atayaandikaje maji hayo? Akiyafanya yazuie risasi, ametunga uongo. Akiyafanya yasiwe na nguvu yoyote, amewafundisha watoto kwamba babu zao walikuwa wajinga, na huo ni uongo mkubwa zaidi, kwa sababu maji yalifanya kazi ambayo hakuna kiongozi aliyeiweza kabla yake: yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine wasiokuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Kanuni ya haki ingeyaacha maji bila kinga dhidi ya risasi, lakini ingefungua milango ya vijiji. Kila kijiji kinachopokea maji huongeza njia za wajumbe, vyakula na wapiganaji, na kila kijiji kinachoyakataa, kama walivyokataa Wahehe, hubaki na sababu zake ambazo mchezaji anapaswa kuzisikia. Ebrahim Hussein alilikabili swali hilohilo katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya 1969, akampa mhusika wake mashaka ya moyoni kuhusu maji aliyoyatoa mwenyewe.

Kanuni ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya kuhesabu. Mchezo wa vita wa kawaida ungemalizikia Mahenge, Agosti 30, 1905, bunduki za rashasha zilipowafyeka waliolishambulia boma. Lakini walio wengi hawakufa kwa risasi. Serikali ya Gavana von Götzen ilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaendelea kuua baada ya mapigano kutulia. Makadirio ya vifo hufika watu 250,000 hadi 300,000. Mchezo wenye ukweli lazima uendelee baada ya mapigano, mchezaji akiwa hana adui wa kumpiga, ila ghala tupu, msimu wa kupanda na mbegu zisizokuwepo. Watoto watauona unachosha na kuumiza, na ni haki yao kuuona hivyo.

Ushahidi wa kutungia mchezo huo upo. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee, na katika Nyaraka za Taifa kuna majalada ya utawala wa Kijerumani. Makumbusho ya Songea yanatunza kumbukumbu za wapiganaji wa Maji Maji walionyongwa, na hapo ndipo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipoomba msamaha Novemba 2023. Kinachohitajika ni majalada hayo kuwekwa mtandaoni na kufasiriwa kwa Kiswahili. Fedha za miradi ya elimu ya kidijitali zingefaa kuanzia huko, maana bila nyaraka mtunzi hubaki na kitabu cha kiada na ubunifu wake tu.

Wala si lazima mchezo uwe wa kompyuta. Mwaka 2011 taasisi ya kumbukumbu ya taifa ya Poland ilitoa mchezo wa ubaoni uitwao Kolejka, kuhusu foleni za madukani katika miaka ya 1980. Kila mchezaji ana familia ya watu watano na orodha ya bidhaa 10 za kununua. Anawapanga foleni mbele ya maduka bila kujua duka lipi litaletewa mzigo. Kadi huvuruga foleni: mama mwenye mtoto mchanga hupelekwa mbele, mwenye jamaa yake katika chama husogea bila aibu, duka hufungwa ghafla kwa kuhesabu mali, na aliyekosa huenda soko la magendo kubadilishana kwa hasara. Saa moja ya mchezo huo humweleza kijana kwa nini bibi yake hukusanya sukari hadi leo.

Tanzania ina foleni zake. Baada ya Vita vya Kagera, sukari, sabuni na vitenge vilikuwa vya kupanga mstari kwenye maduka ya kampuni za biashara za mikoa (RTC) na ya ushirika; watu walikula unga wa mahindi ya njano, ulioitwa yanga; na mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi uliowafanya walanguzi watupe mali usiku. Bibi na babu waliosimama kwenye mistari ile wako hai. Darasa linaweza kuwahoji kuhusu bei, muda wa kusubiri, nani alipewa kwanza na balozi wa nyumba kumi alikuwa na kauli gani, kisha likatunga kadi zake kwenye manila. Wakati wa kuandika kanuni wanafunzi watabishana: je, mlanguzi alisababisha uhaba au uhaba ulimzaa mlanguzi? Kila jibu hutoa mchezo tofauti, na kutetea kanuni kwa ushahidi ni somo la historia na la uraia kwa pamoja. Gharama yake ni karatasi na kalamu.

Kwa shule zenye vifaa, jambo la kwanza ni kutafuta michezo inayofanya kazi bila bando. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu nchini Tanzania, na kishikwambi kimoja na projekta vinatosha kwa darasa zima likiamua kwa kura, kama vikundi vya Minneapolis vilivyogawana mashine moja. Vipindi vitatu vinahitajika kwa mchezo mmoja: cha kucheza, cha kulinganisha mchezo na nyaraka, na cha kuandika kanuni ipi ibadilishwe na kwa ushahidi gani. Kikikosekana cha pili na cha tatu, heri cha kwanza kisiwepo.

Kizuizi kikubwa kimekaa kwenye mtihani. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limefungua mlango ambao haukuwepo, kwani mwanafunzi sasa anaweza kubishana kuhusu Maji Maji kwa lugha anayoiwaza. Maswali yakiendelea kudai sababu tano na matokeo matano, mwalimu yeyote mwenye akili atauweka mchezo kabatini ifikapo muhula wa pili wa kidato cha nne. Swali moja la lazima linalompa mtahiniwa nyaraka mbili zinazopingana na kumtaka aamue ipi inaaminika zaidi, na kwa nini, litayabadilisha madarasa kwa kasi kuliko shehena yoyote ya kompyuta.